Macho ya Kuazima

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, wasomaji wangu, na sina kisingizio cha maana zaidi ya kazi. Lakini wiki iliyopita nilipigiwa simu usiku, saa nne kasoro, na hiyo simu imenirudisha kwenye vitabu na sasa imenirudisha hapa.

Aliyepiga ni rafiki yangu wa tangu chuo. Jina lake nalihifadhi. Ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari, na haoni tangu akiwa na miaka sita.

"Kaka, macho yako yapo hapo?" Ndivyo anavyonisalimia tangu tukiwa mwaka wa kwanza.

Nikamjibu yapo, ila yana usingizi.

Akaniambia amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya historia katika chuo kimoja cha Uingereza. Barua pepe yenyewe alishaisoma, maana simu yake inamsomea kila kitu kwa sauti, kwa kasi ambayo mimi siambulii hata neno moja. Tatizo ni kiambatisho. Kila akikifungua, simu inasema "picha" halafu inanyamaza. Akanitumia, nikakifungua. Kumbe ni barua ya kurasa mbili iliyochapwa kwenye karatasi, ikapigwa skani, ikatumwa. Kwa programu inayosoma skrini, karatasi ya namna hiyo ni kama picha ya mlima.

Nikamsomea. Ukurasa wa kwanza pongezi tupu. Ukurasa wa pili ukasema kwamba fungu la serikali la kuwahudumia wanafunzi wenye ulemavu ni kwa wanafunzi wa nyumbani tu, na kwamba yeye kama mwanafunzi wa kigeni anaombwa aeleze atagharamia vipi mahitaji yake mwenyewe, ikiwa ni pamoja na mtu wa kumsomea vitabu.

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Yaani," akasema, "barua ya kuniambia sina mtu wa kunisomea imekuja ikiwa picha, nimelazimika kutafuta mtu wa kunisomea." Akacheka mpaka na mimi nikacheka, ingawa hakuna aliyekuwa na furaha. Kisha akaongeza, "Sasa wewe si mwandishi wa habari? Nitafutie basi. Siwezi kuwa wa kwanza. Hao wa zamani walifanyaje?"

Basi hii ndiyo ripoti yangu kwake, na nimeona niiweke hapa kila mtu aisome.

Kwanza nikiri kitu. Pale chuoni mimi ndiye niliyekuwa mfumo wa huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, au theluthi yake. Tulikuwa watatu. Jioni baada ya chakula tulikaa naye chumbani kwa zamu na rundo la madesa, tunasoma, yeye anaandika kwa nukta nundu kwa kale kachuma kake, tok tok tok. Bumu likiingia ananunua chipsi mayai kwa wote. Bumu likichelewa tunasoma bila chipsi. Siku ambazo mimi nilikuwa na mtihani wangu, yeye hakusomewa. Sikuwahi kuliona hilo kama jambo la ajabu. Nilijiona mtu mwema. Leo nikipiga hesabu ya usiku ambao sikwenda, wema wenyewe unapungua.

Tuendelee. Wa zamani walifanyaje?

Mtu wa kwanza aliyenijia kichwani ni Mmisri, Taha Hussein. Waliosoma madrasa na fasihi ya Kiarabu wanamjua, wengine nawasimulia. Alizaliwa mwaka 1889 kwenye kijiji kimoja cha mkoa wa Minya, Misri ya Juu. Akiwa mdogo sana aliugua macho, akatibiwa kienyeji ovyoovyo, akapofuka. Akahifadhi Kurani. Mwaka 1902, akiwa na miaka 13, akapelekwa Al-Azhar mjini Cairo, akaishi na kaka yake aliyekuwa anasoma huko. Ukitaka kujua maisha ya mwanafunzi asiyeona anayesubiri kaka yake arudi ndipo ajue anakula nini na anakwenda wapi, yeye mwenyewe ameyaeleza kwenye kumbukumbu zake, Al-Ayyam, yaani Siku. Kwa kuyasoma nilijifunza kwamba mtu anaweza kuwa mpweke hata akiwa na ndugu wa kumshika mkono kila asubuhi.

Mwaka 1908 kikafunguliwa chuo kikuu kipya Cairo, tofauti na Al-Azhar, naye akajiunga. Akaomba apelekwe Ufaransa pamoja na wanafunzi wengine ambao chuo kilikuwa kikiwapeleka. Akakataliwa kwanza, na upofu wake ulikuwa mojawapo ya sababu. Hakunyamaza. Mwaka 1914 akapata shahada ya udaktari, ya kwanza kutolewa na chuo hicho, kwa tasnifu kuhusu Abu al-Ala al-Ma'arri. Huyo al-Ma'arri, aliyeishi kati ya mwaka 973 na 1057, alikuwa mshairi na mwanafalsafa wa Syria ambaye naye alikuwa kipofu tangu utotoni, na vitabu vyake aliviimla watu wengine wakaandika. Sidhani kama uchaguzi huo wa mada ulikuwa wa bahati nasibu.

Sasa chuo kikakosa sababu. Mwaka huohuo 1914, vita kuu ikiwa ndiyo imeanza, Taha Hussein akawasili Montpellier, kusini mwa Ufaransa.

Fikiria hali yenyewe. Kijana wa Kiislamu, haoni, Kifaransa chake bado cha kubabaisha, anatakiwa asome historia na fasihi ya Ulaya pamoja na Kilatini. Ufaransa ndiyo nchi ya Louis Braille, aliyechapisha mfumo wake wa nukta nundu mwaka 1829. Lakini kuwa na herufi si kuwa na vitabu. Sehemu ndogo mno ya vitabu vilivyosomwa chuo kikuu ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwa nukta. Vingine vyote vilihitaji jicho na sauti ya mtu mwingine.

Sauti hiyo ilipatikana mwaka 1915. Ilikuwa ya binti wa Kifaransa anayeitwa Suzanne Bresseau, aliyeanza kumsomea fasihi ya Kifaransa. Baadaye mwaka huo chuo cha Cairo kikaishiwa fedha, kikawaita wanafunzi wake warudi nyumbani. Taha akarudi Misri, akakaa miezi michache, mambo yakatengemaa, akasafiri tena, safari hii Paris, chuo cha Sorbonne. Suzanne naye alikuwa Paris. Akaendelea kusoma kwa sauti, yeye akaendelea kusikiliza.

Walipotaka kuoana, nyumbani kwa akina Suzanne kukawaka moto, kama unavyoweza kukisia. Mgeni, Mwislamu, kipofu! Aliyezima moto huo ni mjomba wa binti, padri, ambaye alitoka na Taha wakatembea mashambani kwa muda mrefu wakizungumza, akarudi akamwambia mpwa wake asiogope. Wakaoana Agosti 1917. Kisha ikaja tasnifu ya Sorbonne kuhusu falsafa ya jamii ya Ibn Khaldun, ambayo Émile Durkheim, yule baba wa sosholojia, alikuwa akiisimamia mpaka alipofariki mwezi Novemba 1917. Mwaka 1919 wakarudi Misri pamoja, na aliyebaki ni historia: profesa, mkuu wa kitivo cha fasihi, mwandishi aliyewachokoza masheikh mpaka akapelekwa kuhojiwa na waendesha mashtaka, na kuanzia mwaka 1950 mpaka 1952 Waziri wa Elimu aliyefuta ada za shule za sekondari. Huyo ndiye aliyefananisha elimu na maji na hewa. Alifariki Oktoba 1973.

Hadithi tamu, siyo? Nilipomsimulia rafiki yangu kwa simu akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo mpango ni nioe?"

Alikuwa anatania, lakini amegonga penyewe. Ukiondoa mapenzi kwenye kisa hicho, unabaki na mwanafunzi wa kigeni ambaye huduma yake yote ilining'inia kwa mtu mmoja. Chuo cha Cairo kilimlipia masomo. Sorbonne ilimpa walimu. Lakini pengo lililo kati ya kitabu na sikio hakuna taasisi iliyoliziba. Liliziba kwa sababu binti mmoja alikuwa na sauti nzuri na subira. Ni wangapi waliokwenda wakakosa Suzanne wao? Hao hawakuandika kumbukumbu, kwa hiyo hatuwasomi.

Wa pili nimempenda kwa sababu ni mwenzetu wa kalamu. Ved Mehta alizaliwa Lahore mwaka 1934, enzi hizo ikiwa India, sasa Pakistan. Homa ya uti wa mgongo ilimpofusha kabla hajatimiza miaka minne. Baba yake alikuwa daktari wa serikali, mtu aliyesoma Ulaya, na hakukubali mwanawe aishie kusuka viti, kazi ambayo vipofu wengi walifundishwa. Yakaandikwa maombi kwa shule nyingi za Uingereza na Marekani. Majibu yalifanana: mgeni, tena kipofu, bora abaki kwao. Iliyomkubali ni moja, shule ya wasioona ya Little Rock, Arkansas. Mwaka 1949 kijana wa miaka 15 akapanda ndege peke yake.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Arkansas ya mwaka 1949 watoto weusi na weupe hawakuwa wakisoma shule moja, hata walio vipofu, ambao mtu ungedhani wangekuwa wa mwisho kusumbuliwa na rangi. Miaka minane baadaye mji huohuo wa Little Rock ulihitaji askari wa jeshi ili wanafunzi weusi tisa waingie sekondari. Mhindi yule alipita katikati ya ukuta huo. Ameieleza vizuri hali hiyo ya kutojua yuko upande gani, kwenye kitabu chake cha mwaka 1985 kuhusu miaka ile.

Baada ya Arkansas akaenda chuo cha Pomona, California, akahitimu mwaka 1956. Akaenda Balliol, Oxford, akasoma historia. Akaenda Harvard. Mwaka 1961 akaajiriwa na jarida la The New Yorker, akakaa hapo zaidi ya miaka 30, akaandika zaidi ya vitabu 20. Kitabu chake cha kwanza alikiimla akiwa bado mwanafunzi, mwenzake akikipiga taipu. Alikataa fimbo nyeupe, akawa anatembea kwa kusikia jinsi sauti inavyogonga kuta, na aliandika rangi za nguo na mwanga wa vyumba mpaka wasomaji wengine wakakataa kwamba haoni. Alifariki New York Januari 2021.

Mehta naye alisomewa. Kote alikopita kulikuwa na vijana wanaokaa naye na kitabu mkononi. Tofauti na Taha Hussein ni kwamba hawakuwa mtu mmoja. Msomaji akiumwa, akipata mchumba, akihama, anakuja mwingine. Yule aliyeendelea bila kukatika ni mwenye kusikiliza. Mimi niliyewahi kukosa zamu yangu kwa sababu ya mtihani naona hilo ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi.

Viziwi walichukua njia nyingine kabisa. Wao, badala ya kutafuta masikio ya kuazima chuo kwa chuo, walikuwa na chuo ambacho lugha yake ni ya mikono: Gallaudet, mjini Washington, kilichopewa idhini ya kutoa shahada na Rais Lincoln mwaka 1864. Mwaka 1954 alihitimu pale Andrew Foster, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya kwanza Gallaudet. Hebu tazama miaka: ilipita 90 kabla mtu mweusi hajahitimu. Foster hakukaa Marekani. Mwaka 1957 alifika Ghana, na kutoka hapo akaanzisha shule za viziwi zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika. Baadhi ya vijana wa shule hizo walivuka bahari kwenda kusoma Gallaudet. Foster alikufa Desemba 1987 kwenye ajali ya ndege nchini Rwanda, akiwa safarini kuja Kenya. Na Kenya yenyewe ina Michael Ndurumo, aliyeacha kusikia akiwa mtoto, akasoma Marekani mpaka shahada ya uzamivu, akarudi kufundisha saikolojia Chuo Kikuu cha Nairobi na kupigania lugha ya alama itumike mashuleni.

Lakini hata Gallaudet, sheria ya Marekani imeweka kikomo cha idadi ya wanafunzi wa kigeni, na wanaoingia wanatozwa ada ya ziada juu ya ile wanayolipa Wamarekani. Sababu inaeleweka, chuo kinaendeshwa kwa kodi ya Wamarekani. Ila kwa kiziwi wa Tabora au Kisumu maana yake ni kwamba mlango upo, na ni mwembamba.

Sasa tufike pale ambapo fadhila iligeuka haki, maana ndipo rafiki yangu alipotaka nimfikishe.

Mwaka 1962 kijana Ed Roberts aliomba kuingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Polio ilimpooza akiwa na miaka 14, kuanzia shingoni kushuka chini, na usiku alilala ndani ya mashine ya chuma ya kumsaidia kupumua. Idara ya jimbo iliyokuwa ikiwalipia walemavu masomo ilikataa kumlipia, ikisema hataweza kuajiriwa kamwe. Habari ikafika magazetini (waandishi wenzangu, tembeeni kifua mbele), idara ikanywea, ikalipa. Bweni la kubeba mashine yake halikuwepo, akawekwa kwenye hospitali ya chuo. Wakaja wengine wa hali yake, wakawa kundi, na mwaka 1970 kundi likapata fedha za kuanzisha ofisi yao ndani ya chuo. Ofisi hiyo ilitafuta wahudumu, ilitengeneza viti vya magurudumu vilivyoharibika, na iliwatafutia wasioona watu wa kuwasomea. Mwaka 1975 Roberts akateuliwa kuwa mkurugenzi wa ileile idara iliyosema hataajiriwa. Kuna mambo ukiyaandika kwenye riwaya mhariri anayakata.

Hapo ndipo ofisi nyingi za namna hii mnazoziona vyuoni zilipopata mfano. Kumbuka walioianzisha ni wanafunzi wenyewe, na kilichowasukuma ni kuchoka kuomba.

Mwaka 1973 likaja pigo la pili. Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya urekebishaji, na mwishoni mwake kikachomekwa kifungu kifupi, namba 504, kinachokataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu. Kifungu kilikuwepo, kanuni za kukitekeleza hazikuwepo. Serikali ikavuta miguu miaka minne. Aprili 1977 walemavu wapatao 150 wakaingia ofisi ya serikali San Francisco wakakataa kutoka. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Judith Heumann, aliyefariki Machi 2023. Walikaa zaidi ya wiki tatu, wengine bila dawa zao na bila mtu wa kuwageuza usiku. Black Panthers waliwaletea chakula cha moto kila siku. Tarehe 28 Aprili waziri Joseph Califano akatia saini.

Nimezisoma kanuni hizo, maana ndiyo kazi niliyopewa. Kwa vyuo vikuu zinasema mwanafunzi mwenye ulemavu lazima apate nyenzo za kumwezesha kufuata masomo: vitabu vya sauti, wakalimani, wasomaji maktabani. Na hakuna mahali panaposema lazima awe raia. Mwanafunzi wa Arusha akiwa pale ana haki ileile na wa Arkansas. Niliposoma hapo nilitaka kumpigia simu usiku uleule.

Bahati nzuri nilisoma aya iliyofuata. Inasema chuo hakilazimiki kutoa wahudumu binafsi wala wasomaji kwa matumizi ya binafsi au ya kujisomea.

Wa kujisomea! Maktabani mchana utasomewa. Usiku chumbani, mwenyewe na kitabu chako, ni juu yako. Na mwanafunzi wa historia anasoma lini, kama si usiku chumbani? Kwa Mmarekani pengo hilo aghalabu linazibwa na idara ya jimbo lake, ileile iliyomkataa Roberts. Mgeni mwenye viza ya masomo kwa kawaida hayumo kwenye fungu hilo, kwa sababu lengo lake ni kuwaingiza watu kwenye ajira ya nchi ile. Kwa hiyo haki inamfikisha mgeni mpaka mlango wa maktaba, halafu inafunga maktaba.

Uingereza mambo yako vilevile kwa sura nyingine. Fungu la serikali, lile lililotajwa kwenye barua ya picha, kweli halimhusu mgeni. Hapo chuo hakijasema uongo. Lakini Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakitaka chuo kifanye marekebisho stahiki kwa mwanafunzi mwenye ulemavu, bila kujali ametoka wapi, na kifungu cha 20 kinasema gharama za marekebisho hayo asitozwe mwenye ulemavu. Vipo vyuo vyenye mfuko wao wa ndani kwa ajili ya wageni kwa sababu hiyohiyo. Mabishano yanabaki kwenye neno "stahiki". Kipi ni stahiki? Saa ngapi za kusomewa kwa wiki? Hilo sheria haikuandika, linajadiliwa mtu kwa mtu, na anayejadili vizuri ni yule aliyejua kwamba lipo la kujadili. Barua haikumweleza hilo. Ilimuuliza tu atagharamia vipi.

Kuhusu wageni kwa ujumla, aliyewahi kulishika jambo hili kwa mikono miwili ni Susan Sygall, mtumiaji wa kiti cha magurudumu aliyesoma Berkeley. Mwaka 1978 alikwenda Australia kwa ufadhili wa Rotary, akaona jinsi walemavu walivyo wachache kwenye misafara ya wanafunzi kati ya nchi na nchi. Mwaka 1981, pamoja na Barbara Williams, akaanzisha Mobility International USA huko Eugene, Oregon. Swali lao lilikuwa jepesi: mipango ya kubadilishana wanafunzi inapoandika "wote mnakaribishwa", nani amepiga hesabu ya mkalimani na ngazi? Mwaka 1995 walianzisha kituo cha kutoa taarifa kuhusu jambo hilo, kwa ufadhili wa serikali ya Marekani.

Na vitabu je? Hapa kuna habari njema kidogo. Juni 2013 mataifa yalikutana Marrakesh, Morocco, yakapitisha mkataba unaoruhusu kitabu kigeuzwe nukta nundu au sauti kwa ajili ya wasioona bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki, na kivushwe mpaka kwenda nchi nyingine iliyojiunga. Kabla ya hapo kitabu kikishaandaliwa London, Nairobi waliweza kulazimika kukiandaa upya, kurasa zote. Mkataba ulianza kufanya kazi Septemba 2016. Kenya ilijiunga 2017, Uganda 2018, Tanzania 2020. Ukichanganya na zile programu za simu, rafiki yangu leo anasoma peke yake vitu ambavyo Taha Hussein alihitaji mke.

Ila yeye ni mwanahistoria. Anataka kusoma barua za wamisionari na mafaili ya wakoloni, yameandikwa kwa mkono, wino umefifia, na simu ikiona ukurasa wa namna hiyo inasema "picha". Kwa kazi hiyo bado anahitaji mtu. Amehesabu: saa 10 kwa wiki. Ameshaipigia hesabu kwa pauni, na si kiasi ambacho mshahara wa mwalimu wa sekondari unaweza hata kukiangalia machoni.

Juzi Jumamosi nikaenda kwake Ubungo na laptopu tukaandika jibu. Mimi nilikuwa nimeshatayarisha rasimu, Kiingereza kimenyooka, naona fahari. Nikamsomea. Ilianza kwa kushukuru, ikaendelea kwa kuomba kwa unyenyekevu wamfikirie kutokana na hali yake.

Akaniambia, "Simama hapo. Futa."

"Nifute wapi?"

"Kuanzia kwenye unyenyekevu mpaka kwenye hali yake."

Tukaanza upya, yeye akiimla na mimi nikipiga taipu. Aya ya kwanza, nakubali nafasi. Ya pili, kwa mujibu wa kifungu cha 20 cha Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, tafadhali nielezeni ni marekebisho gani chuo kitafanya ili niweze kusoma nyaraka za mkono, saa 10 kwa wiki. Ya tatu, tafadhali jibu lenu lije kwa maandishi ambayo programu yangu inaweza kuyasoma.

Tukaituma saa moja usiku. Akatoka akaagiza chipsi mayai mbili pale nje. Nikataka kulipa mimi, akakataa.

Mpaka naandika haya hawajajibu. Muda wa kuthibitisha nafasi unakwisha baada ya siku 19.